USIVUKE KAMBA
Siku moja kwenye maonyesho ya ndege za kivita, Fairford, Uingereza

Huenda umewahi kusikia ndege ya kivita ikipita juu ya kijiji chako. Unasikia mngurumo. Unatoka nje mbio. Unatazama juu, nayo imekwisha kwenda. Watoto wanabishana: ilikuwa moja au zilikuwa mbili?

Huko Uingereza kuna mahali ambapo ndege hizo husimamishwa chini ili watu wazitazame kwa karibu. Kisha huruka mbele yao tangu asubuhi mpaka jioni. Mahali hapo panaitwa Fairford. Leo tutakwenda huko pamoja kwa njia ya kusoma.

Tutatazama ndege nyingi. Lakini kuna kitu kimoja ninachotaka ukiangalie zaidi ya ndege zote. Kitu hicho hakina injini wala mabawa. Ni kamba.

MJI WA WAKULIMA

Fairford ni mji mdogo katika mkoa wa Gloucestershire. Uko magharibi ya London, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Mto mdogo uitwao Coln unapita hapo. Watu wa sehemu hizo hulima ngano na shayiri, na hufuga kondoo.

Zamani kondoo ndio walioleta utajiri. Sufu yao iliuzwa nchi za mbali. Mwishoni mwa karne ya 15 tajiri mmoja wa sufu alijenga upya kanisa la mawe katika mji huo. Kanisa hilo lipo mpaka leo. Lina madirisha 28 ya vioo vya rangi, yenye picha za habari za Biblia. Siku zile watu wengi wa Fairford hawakujua kusoma. Walijifunza kwa kutazama picha zile.

Kiwanja cha ndege kilikuja baadaye sana. Kilijengwa mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndege zilizoruka hapo zilibeba askari kwenda kupigana Ufaransa, na baadaye Uholanzi. Baada ya vita Wamarekani walikuja, wakairefusha njia ya kurukia. Sasa ina urefu wa kilomita 3 hivi. Ukianza kuitembea kwa mguu kutoka mwisho mmoja, utafika mwisho wa pili baada ya zaidi ya nusu saa.

Maonyesho yenyewe hayakuanzia Fairford. Yalianza mwaka 1971 mahali paitwapo North Weald. Walioyaanzisha ni Paul Bowen na Timothy Prince, ambao kazi yao ilikuwa kuongoza ndege. Walitaka kuchangisha fedha za kuwasaidia wanajeshi wa anga na jamaa zao. Mwaka 1985 maonyesho yalihamia Fairford. Kwa kawaida hufanyika kila mwaka katika mwezi wa Julai. Mwaka 2003 zilikusanyika ndege 535, idadi ambayo haikuwahi kuonekana katika maonyesho ya ndege za kivita.

Lakini hata watu wenye ndege 500 hawaishindi mvua. Mwezi wa Julai mwaka 2008 mvua ilinyesha sana. Mashamba yaliyotengwa kwa ajili ya kuegesha magari yakajaa maji na tope. Ndege zilikuwa tayari, lakini watu wasingeweza kufika. Maonyesho yakafutwa. Mkulima yeyote anaelewa jambo hilo.

TUNAINGIA

Ukitaka kuona vizuri, uamke mapema. Watu hufika kwa maelfu na magari hupanga foleni ndefu. Tiketi hununuliwa kabla ya siku yenyewe. Mlangoni walinzi hupekua mifuko.

Ukiingia ndani utafikiri uko kwenye viwanja vya Nane Nane. Kuna mahema, vibanda vya chakula, watoto waliobebwa mabegani, na kipaza sauti kinachotangaza. Watu wamekuja na viti vya kukunja. Wengine wana kamera zenye vioo virefu kama mkono. Wengine wana madaftari, na kazi yao ni kuandika namba ya kila ndege. Mzee mwenye nishani kifuani anamwonyesha mjukuu wake ndege aliyowahi kuirusha.

Utaona pia watu wamejiziba masikio. Usiwacheke. Ndege ya jeti ikiruka karibu, sauti yake inaweza kuumiza masikio, hasa ya mtoto mchanga.

Sasa tazama mbele. Kati ya watu na njia ya kurukia kuna mpaka. Mahali pengine mpaka huo ni kamba. Mahali pengine ni uzio wa chuma. Sisi tuuite kamba. Upande huu wa kamba kuna bibi, mtoto na muuza soda. Upande wa pili kuna ndege na wafanyakazi wake tu. Hata tajiri aliyelipa tiketi ya bei kubwa haruhusiwi kuvuka.

Kwa nini? Sababu moja utaiona chini. Wafanyakazi wanatembea polepole wakiwa wameinama, kama watu wanaookota kunde. Wanaokota mawe, karatasi na vizibo vya soda. Injini ya jeti huvuta hewa kwa nguvu kubwa sana. Ikivuta pia kijiwe au kizibo, mapanga yaliyomo ndani yanaweza kuvunjika. Kizibo kimoja kinaweza kuangusha ndege. Basi mtu anayetupa takataka ovyo huko hachafui uwanja tu. Anahatarisha maisha ya rubani.

NDEGE ZILIZOSIMAMA

Kwanza tuzitazame ndege zilizosimama. Nazo zimezungushiwa kamba, lakini hapa unaweza kusogea karibu.

Ile ndogo yenye pua kali inaitwa Typhoon. Imetengenezwa kwa ushirikiano wa Uingereza, Ujerumani, Italia na Hispania. Ina injini 2, na kwa kawaida mtu mmoja tu hukaa ndani. Inaweza kwenda mbio kupita sauti. Chini ya mabawa yake hufungwa makombora na mabomu.

Ile kubwa inaitwa B-52. Si kila mwaka inaonyeshwa, lakini ikiwapo huwezi kuikosa. Ni ya Marekani. Ina injini 8. Kutoka ncha ya bawa moja mpaka ncha ya bawa la pili ni mita 56. Ndege ya mwisho ya aina hiyo ilitengenezwa mwaka 1962, nazo bado zinaruka. Zinarushwa leo na vijana ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa zilipotengenezwa. Kazi yake kubwa ni kubeba mabomu mengi na kuyapeleka mbali.

Halafu kuna ile nene yenye propela 4. Propela ni lile panga linalozungushwa na injini ili kuivuta ndege. Ndege hiyo inaitwa Hercules. Mlango wake uko nyuma, nao hushuka mpaka chini kama daraja. Gari linaweza kuingia ndani. Hercules haihitaji kiwanja cha lami. Inaweza kutua hata kwenye udongo uliosawazishwa. Jeshi la Anga la Uingereza liliacha kuzitumia mwaka 2023, lakini nchi nyingi bado zinazo.

Mwaka 1984 na 1985 njaa kali iliua watu wengi Ethiopia. Milimani hakukuwa na barabara wala viwanja vya ndege. Basi Hercules za Uingereza zikapeleka chakula. Ziliruka chini kabisa juu ya uwanda, mlango wa nyuma ukiwa wazi, na magunia ya nafaka yakasukumwa nje. Gunia linaloanguka kutoka kwenye ndege linaweza kumwua mtu. Kwa hiyo watu wenye njaa walipaswa kusubiri mbali mpaka magunia yote yafike chini. Fikiri, ndugu msomaji: mtu ana njaa, anaona chakula kinaanguka, lakini lazima asubiri. Hiyo nayo ilikuwa kamba, ingawa haikuonekana.

NDEGE ZINARUKA

Sasa kipaza sauti kinatangaza. Watu wote wanageuza vichwa.

Typhoon inakimbia kwenye njia ya kurukia. Inainua pua. Haipandi polepole kama ndege ya abiria. Inapanda wima, kama mtu apandaye mnazi. Moto unaonekana nyuma yake. Ardhi unayoikanyaga inatetemeka.

Labda utauliza: kitu kizito namna ile kinakaaje hewani? Umewahi kuona upepo ukiezua bati la nyumba. Upepo ukiingia chini ya bati lililoinuka kidogo, hulisukuma juu. Bawa la ndege nalo limeinuka kidogo upande wa mbele, na umbo lake limetengenezwa ili lielekeze hewa chini. Hewa ikisukumwa chini, nayo hulisukuma bawa juu. Kazi ya injini ni kuipeleka ndege mbele kwa kasi, ili hewa iwe kama upepo mkali usiokoma. Kasi ikipungua mno, bawa halibebi tena. Ndege huanguka.

Jambo la pili utakaloliona ni hili. Ndege iko hapa, lakini sauti yake inatoka kule nyuma. Usishangae. Umewahi kumtazama mtu akikata mti ng'ambo ya bonde. Unaona shoka limegota, kisha ndipo unasikia mlio. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Kilomita moja huichukua kama sekunde 3. Ndege ya kivita iendayo mbio huacha sauti yake nyuma. Ndiyo maana watu wengi vitani hawakuisikia ndege mpaka ilipokuwa imewafikia.

Baada ya hapo zinakuja ndege 9 nyekundu. Hawa ni Red Arrows, kikosi cha maonyesho cha Jeshi la Anga la Uingereza. Kiliundwa mwaka 1964. Tangu mwaka 1980 wanatumia ndege aina ya Hawk. Kenya nayo ilinunua ndege za aina hiyo mapema miaka ya 1980, kwa ajili ya jeshi lake.

Ndege zote 9 zinaruka zimekaribiana kama ng'ombe wanaoingia zizini. Zinatoa moshi mweupe, mwekundu na wa buluu. Si moshi wa kuungua. Ni dizeli inayomwagwa penye joto kali nyuma ya injini, ikageuka mvuke. Moshi mweupe ni dizeli tupu. Ule wa rangi umetiwa rangi. Moshi huo si pambo tu. Huwasaidia marubani kuonana, na kujua upepo unaelekea wapi.

Kisha ndege mbili zinaelekeana, moja kutoka kushoto, nyingine kutoka kulia. Kwa macho yako zinakwenda kugongana. Watu wanapiga kelele. Wengine wanafumba macho. Zinapishana, kila moja inakwenda zake. Watu wanapumua.

Je, ni bahati? Hapana. Marubani hao hufanya mazoezi hayo hayo mara tatu kwa siku katika majira ya baridi, kabla ya kuruhusiwa kuruka mbele ya watu. Tena kuna mstari hewani ambao hawaruhusiwi kuuvuka. Mstari huo uko mbali na watu, na umechorwa kwenye ramani. Kumbe basi kamba ziko mbili. Moja ni yako wewe mtazamaji. Nyingine ni ya rubani.

KAMBA ILITOKA WAPI

Kamba hizi hazikuwekwa kwa sababu wakubwa wanapenda kukataza. Ziliwekwa baada ya misiba.

Tarehe 6 Septemba 1952 kulikuwa na maonyesho Farnborough, karibu na London. Ndege mpya ya jeti ilipinda kwa kasi kubwa, ikavunjika hewani. Vipande vyake vilikwenda moja kwa moja penye watu, na injini ikaangukia kilima kilichojaa watazamaji. Walikufa watazamaji 29, pamoja na rubani na mwenzake. Tangu hapo Waingereza walikaza sheria za umbali kati ya ndege na watu.

Lakini nchi nyingine hazikujifunza mapema. Tarehe 28 Agosti 1988 maonyesho yalifanyika Ramstein, katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Ndege 10 za kikosi cha Italia zilichora umbo la moyo angani. Ndege moja ilitakiwa kupita katikati ya moyo huo, ikiwaelekea watu. Iligongana na nyingine mbili. Ikaanguka penye watazamaji ikiwaka moto. Walikufa watu 70, wakiwemo marubani 3. Mamia wengine waliungua na kuumia.

Siku hiyo kulikuwa na shida nyingine. Waokoaji wa Marekani na wa Ujerumani hawakuwa wamepanga kazi pamoja. Hata vifaa vyao vya kutilia dripu havikuingiliana. Mgonjwa aliyewekewa sindano na Mmarekani hakuweza kuunganishwa na mpira wa Mjerumani. Ajali ilidumu sekunde chache. Kutojiandaa kuliongeza mateso kwa saa nyingi.

Baada ya Ramstein sheria zilikazwa Ulaya. Rubani hatakiwi kufanya michezo akiwaelekea watu. Lakini sheria isiyofuatwa ni maandishi tu. Tarehe 27 Julai 2002, huko Lviv, Ukraine, ndege ya kivita ilifanya michezo chini mno, karibu na watu. Iliangukia watazamaji, ikawaua 77. Kati yao walikuwemo watoto waliokuja na wazazi wao.

Sasa turudi Fairford. Tarehe 24 Julai 1993 ndege mbili za Urusi aina ya MiG-29 ziligongana hewani mbele ya maelfu ya watu. Moja ilikatika vipande viwili. Marubani wote wawili walirushwa nje na viti vyao. Viti hivyo vina roketi chini yake, na vina miavuli ya kumshusha mtu salama. Ndege zote mbili zilianguka, zikawaka moto.

Ni watu wangapi waliokufa? Hakuna hata mmoja. Marubani walitua wazima, na ndege hazikuwaangukia watazamaji.

Linganisha Ramstein na Fairford. Pote pawili ndege ziligongana. Pote pawili marubani walikuwa hodari. Huku walikufa watu 70, huku hakufa mtu. Tofauti moja kubwa ni mahali ndege zilipokuwa zikielekea na mahali watu walipokuwa wamekaa. Hiyo ndiyo kazi ya kamba. Siku elfu moja itaonekana haina maana. Siku moja itaokoa umati.

Hata hivyo kazi ya kamba haijaisha. Tarehe 22 Agosti 2015, mahali paitwapo Shoreham, kusini mwa Uingereza, ndege kuukuu ya kivita ilikuwa ikizunguka duara hewani. Ilikuwa chini kuliko ilivyotakiwa, ikaangukia barabara kuu iliyo nje ya kiwanja. Watu 11 waliokuwa barabarani walikufa. Ndani ya uwanja watazamaji hawakufa. Ndipo Waingereza walipoona kwamba wamewalinda walionunua tiketi, lakini hawakuwafikiria vya kutosha wapita njia. Sheria zikakazwa tena.

VITA HAVINA KAMBA

Ndugu msomaji, kuna jambo moja ambalo kipaza sauti cha maonyesho hakilitaji sana.

Ndege hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya michezo. Kutoka kwenye njia hiyo hiyo ya Fairford, B-52 ziliruka kwenda kupiga mabomu Iraq mwaka 1991, Yugoslavia mwaka 1999, na Iraq tena mwaka 2003. Mahali ambapo leo mtoto ananunua aiskrimu, mabomu yalipakiwa.

Mwaka 2003 Waingereza wengi walipinga vita ile. Mwezi wa Machi mabasi matatu yalitoka London yakiwa na watu waliotaka kuandamana kwenye lango la Fairford. Polisi waliyazuia njiani, wakayalazimisha kurudi London na watu wote ndani. Watu hao walishitaki. Mwaka 2006 mahakama ya juu kabisa ya nchi iliamua kwamba polisi walivunja sheria. Kwa hiyo si kila kamba ni ya haki. Kamba ya haki hulinda uhai wa mtu. Haizibi mdomo wake.

Wazee wa Bukoba na Mwanza hawahitaji kuambiwa habari za ndege za kivita. Mwaka 1972 ndege za Uganda zilidondosha mabomu katika miji hiyo miwili. Katika vita ya mwaka 1978 na 1979 mabomu yalidondoshwa tena mkoani Kagera. Hakukuwa na kipaza sauti cha kutangaza. Hakuna aliyewatengea watu umbali wa kusimama. Bomu halikuuliza nani askari na nani anapalilia migomba.

Hii ndiyo tofauti kati ya maonyesho na vita. Katika maonyesho, watu wenye akili hukaa miezi mingi wakipanga jinsi ya kuiweka ndege mbali na mama na mtoto. Katika vita, ndege zile zile hupelekwa mahali mama na mtoto wanapoishi, na hakuna kamba. Basi tazama ndege. Shangaa jinsi binadamu alivyo na akili. Lakini ukipiga makofi, kumbuka pia kazi zake mbili: gunia la nafaka na bomu. Anayeamua ibebe kipi ni mtu, si ndege.

HATA KWETU

Huenda wewe na mimi hatutafika Fairford. Lakini viwanja vidogo vya ndege tunavyo katika wilaya nyingi. Ndege za madaktari na za watalii hutua huko. Mara nyingine helikopta hutua kwenye uwanja wa shule. Hapo utawaona watoto wanakimbilia, na watu wazima nao wanawafuata.

Tuanze kuweka kamba zetu. Wala hazihitaji fedha. Yashike haya:

Usiikaribie ndege wakati propela inazunguka. Ikizunguka kwa kasi haionekani. Unaona hewa tupu, lakini panga lipo.

Usiikaribie helikopta kutoka nyuma. Helikopta nyingi zina panga dogo mkiani, na rubani haoni nyuma. Subiri mbali mpaka mapanga yote yasimame, au mpaka rubani akupe ishara.

Shika kanga, kofia na karatasi zako. Upepo wa helikopta huvirusha, na vinaweza kuingia kwenye injini.

Usichunge ng'ombe wala mbuzi kwenye njia ya ndege. Kabla ndege haijatua, mtu mmoja apewe kazi ya kuondoa mifugo na watoto.

Ukiokota shambani au porini chuma usichokijua, chenye umbo la bomu au risasi kubwa, usikiguse wala usikipige jiwe. Weka alama mbali nacho, kisha mpe habari mwenyekiti wa kijiji au polisi. Bomu likilala ardhini miaka 40 halijawa salama.

Jioni maonyesho ya Fairford yakiisha, ndege hurudi chini moja moja. Watu hukunja viti vyao. Watoto wamelala mabegani. Maelfu ya watu hurudi nyumbani wakiwa wazima kama walivyokuja. Hakuna anayeizungumzia kamba. Kila mtu anazungumzia ndege. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: kamba ikifanya kazi yake vizuri, hakuna anayeikumbuka. Lakini wewe, ndugu msomaji, uliyesoma mpaka hapa, ikumbuke.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini watu wengi walikufa Ramstein mwaka 1988, na hakuna aliyekufa Fairford mwaka 1993?
2. Je, kijijini kwetu ni mahali gani panapohitaji kamba? Fikirini juu ya barabara, mashine ya kusaga, kisima, na uwanja wa ndege kama upo.
3. Hercules ilipeleka nafaka, B-52 ilipeleka mabomu. Nani anayeamua ndege ibebe nini?